Mchagua jembe naye ni mkulima: Historia ya pembe sawa katika karakana za Meru na Embu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa kumkemea mtu anayelaumu zana ilhali kasoro ni ya mikono yake. Shambani ina mashiko, maana jembe butu bado hulima, japo kwa jasho zaidi. Katika karakana ya seremala, methali hiyo inahitaji kutazamwa upya. Fundi anayekata fremu za madirisha kwa msumeno wa meza hana budi kuchagua, tena kwa makini, kwa kuwa mashine hiyo ina kipande kimoja kidogo ambacho kikikosea kwa nusu ya digrii tu, hakuna ustadi utakaoificha kasoro hiyo mteja asiione.

Makala haya yanakihusu kipande hicho. Yanadhamiria kueleza jinsi pembe sawa ilivyoingia katika useremala wa Meru na Embu, kwa nini leo fundi wengi wanahitaji kubadilisha kipande chenyewe, mambo ya kuzingatia wakati wa kuchagua kingine, na deni la jina ambalo Kiswahili hakijalilipa.

Kifaa chenyewe

Tuanze kwa kukieleza. Msumeno wa meza una bledi ya duara inayochomoza katikati ya meza ya chuma. Kando ya bledi, kwenye uso wa meza, kuna mfereji mmoja au miwili iliyochongwa kuelekea upande uleule bledi inakoelekea. Ndani ya mfereji huo huteleza ufito wa chuma. Juu ya ufito pamefungwa kichwa chenye umbo la nusu duara kilichochorwa digrii, na mbele ya kichwa kuna uso ulionyooka ambao ubao huegemezwa. Fundi hukaza kichwa kwenye pembe anayoitaka, akaushika ubao ukiwa umeegemea pale, kisha akausukuma kuelekea kwenye bledi.

Kazi yake, kwa hiyo, ni kukata ubao upande wa upana. Wenye kazi hutofautisha vitenzi viwili hapa: kupasua mbao ni kufuata urefu wake, na kukata ni kuipita nyuzi zake. Kupasua kuna mwongozo wake mrefu wa pembeni. Kukata kunakitegemea kifaa hiki, iwe pembe inayotakiwa ni ya digrii 90 kwa ajili ya rafu au ya digrii 45 kwa ajili ya kona ya fremu.

Kiingereza hukiita kwa neno ambalo pia hutaja kofia ndefu yenye ncha ya maaskofu. Neno hilo likitamkwa Kiswahili hugeuka kuwa 'mita', na hapo ndipo utata unapoanza. Kwa msemaji wa Kiswahili, mita ni kipimo cha urefu. Mwanagenzi anayetumwa na fundi wake, "Niletee ile mita ya mashine," atarudi na futikamba mkononi, na hatakuwa amekosea kwa kadiri ya lugha anavyoijua. Jambo hili tutalirudia.

Kabla ya pembe

Nyumba za asili za Wameru, Waembu na Wambeere zilikuwa za mviringo, zenye paa la nyasi lenye kilele. Nyumba ya namna hiyo haina kona. Nguzo huchimbiwa kwa kufuata duara, fito zikafungwa kwa kamba, na paa likakaa juu kwa mizani yake. Vifaa vya mbao vilivyotumika ndani yake navyo vilichongwa kutoka kwenye gogo zima: kinu, kigoda cha miguu mitatu, na mizinga ya nyuki inayoendelea kutundikwa mitini huko Mbeere hadi leo. Zana za kazi hiyo zilikuwa shoka na tezo.

Itakuwa kosa kudhani kwamba useremala huo haukujali usahihi. Mzinga ambao vifuniko vyake haviketi vizuri hauwi makao ya nyuki, na kigoda kisichotulia humwangusha mzee mbele ya wageni. Hata hivyo, usahihi wake ulikuwa wa aina nyingine: kipande kimoja kilipimwa kwa kulinganishwa na kipande kingine kilichopo. Hapakuwa na haja ya kipimo cha nje kinachosema kwamba kona hii na ile iliyo nyumba ya tano ni sawa.

Haja hiyo ililetwa na majengo ya mstatili. Mnamo 1906 majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Waembu na kituo cha serikali kikaanzishwa Embu. Mwaka 1908 utawala wa kikoloni ulikuwa umekita Meru chini ya E. B. Horne, aliyejulikana kwa wenyeji kama Kangangi. Wamisionari walifuata: wa CMS walifika Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910, Wamethodisti wakaanza Kaaga, karibu na Meru, mwaka 1912, na Kanisa la Scotland likafungua kituo cha Chogoria mwaka 1922. Ofisi, kanisa, darasa na wodi zote zilidai milango, madirisha, madawati na makabati. Vitu hivyo vyote vina kona nne, na kona nne hazisameheani. Moja ikipinda, nyingine hulipa.

Seremala wa kwanza waliofunzwa katika vituo hivyo walikata kwa msumeno wa mkono. Kwa pembe ya digrii 90 walichora mstari kwa skwea, na kwa pembe ya digrii 45 walitumia kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, chenye mipasuko pembeni ya kuuelekeza msumeno. Kisanduku hicho ndicho babu wa kifaa tunachokijadili. Kilikuwa na sifa moja njema: fundi alijitengenezea mwenyewe, na kikichakaa alitengeneza kingine. Mwaka 1924 serikali ilianzisha chuo cha ufundi cha Kabete kwa ajili ya vijana Waafrika, na stadi hizo zikapata mtaala na mtihani.

Maneno yaliyosafiri na zana

Msomaji wa safu hii bila shaka atataka kujua maneno ya kazi hiyo yalitoka wapi. Mengi yalikuwa yamekwisha kufika Pwani kabla ya kupanda bara. 'Karakana' asili yake ni Kiajemi, likiwa na maana ya nyumba ya kazi. 'Randa' nalo ni la Kiajemi, likapitia Bara Hindi. 'Patasi' lina ndugu yake katika lugha za Bara Hindi. Biashara ya Bahari ya Hindi iliyaleta pamoja na zana zenyewe, na Waswahili wakayapokea kwa vile walikuwa wameshika zana hizo mikononi.

Ujenzi wa reli kati ya 1896 na 1901 uliongeza mkondo huo. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na baadhi ya waliobaki, hasa Masingasinga, wakawa seremala, wahunzi na wenye mitambo ya mbao katika miji iliyochipuka bara. Katika karakana zao vijana wengi wa Kiafrika walijifunza kwa kutazama. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha kazi, kifupi na chenye amri nyingi, lakini kilichotosha kutaja kila kitu kilichokuwa juu ya meza.

Zingatia basi tofauti hii. Zana za mkono ziliingia katika Kiswahili zikiwa na majina: msumeno, randa, patasi, tupa, keekee, jiliwa, timazi. Mashine za umeme zilikuja baadaye, zikiwa na vitabu vya maelekezo vya Kiingereza na sehemu zilizoandikwa namba. Msumeno wa duara wenyewe si mgeni duniani. Hataza yake ilitolewa Uingereza mwaka 1777 kwa Samuel Miller wa Southampton. Mwaka uleule wa 1906 Embu iliposhambuliwa, Wilhelm Altendorf wa Ujerumani alikuwa akiunda msumeno wenye meza inayoteleza, ambao uliondoa kabisa haja ya kusukuma ubao kwa kichwa kidogo cha chuma. Mashine kama hizo ni kubwa na ghali. Zilizosambaa katika karakana ndogo ni zile nyepesi zenye mfereji, na sehemu zake ndogo hazikupata wa kuzibatiza.

Kahawa, madirisha na misitu

Kilichowafanya wenyeji wa kawaida waanze kuagiza milango na madirisha ni kahawa. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewatengea walowezi zao hilo, iliruhusu Waafrika wachache walikuze kwa majaribio, na Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuruhusiwa, pamoja na Kisii. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliupanua mlango huo. Pesa za kahawa zilipoingia, nyumba za mviringo zilianza kupisha za mstatili zilizoezekwa kwa mabati. Nyumba ya mabati ina dirisha, dirisha lina fremu, na fremu ina kona nne.

Mbao zilikuwa karibu. Misitu ya Mlima Kenya ilikuwa na podo, kamfa na ule mti maarufu uliopewa jina la eneo lenyewe, Meru oak, ambao wataalamu wa mimea huuita Vitex keniensis. Mbao yake ni ya rangi ya kahawia, hurandika vizuri, na ndiyo iliyowapatia mafundi wa Meru sifa ya makabati na viti. Enzi hizo fundi aliyeharibu kipande alichukua kingine. Gogo lilikuwa rahisi, na kosa la pembe liliweza kufichwa kwa kukata tena, kupunguza kidogo, kuongeza kabari na kupaka rangi.

Enzi hizo zimepita. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali. Uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 1999 ulionyesha kwamba marufuku hayo yalikuwa yakivunjwa waziwazi Mlima Kenya, kamfa zikikatwa usiku na mchana. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha siku hizo zikarefushwa tena na tena hadi 2023. Kila marufuku yalipotangazwa, bei ya mbao ilipanda na seremala mdogo ndiye aliyeumia kwanza.

Pengo hilo lilijazwa na miti ya mashambani, hasa mgrevilea, ambao Embu huitwa mukima. Hapa historia inafanya mzunguko wa kupendeza. Mti huo wa asili ya Australia ulipandwa kwenye mipaka ya mashamba na kuipa kahawa kivuli. Kahawa ndiyo iliyodai madirisha, na sasa kivuli chake ndicho kinachopasuliwa kuwa madirisha. Lakini mukima ulioanguka juzi na kupasuliwa jana una maji mengi, hupinda unapokauka. Fundi anayekata mbao mbichi kwa kifaa kilicholegea huwa ameandaa kasoro mbili kwa wakati mmoja, na mteja akirudi baada ya miezi miwili majibu huwa yaleyale: "Mama, ni mbao ilikunywa maji." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni ile pembe.

Mashine bila kichwa

Umeme ulipoanza kufika sokoni na vijijini kwa kasi zaidi, hasa baada ya Sheria ya Nishati ya 2006 kuunda mamlaka maalumu ya umeme wa mashambani, msumeno wa meza uliacha kuwa mali ya viwanda vya mjini. Leo utausikia ukilia kuanzia Maua hadi Runyenjes, Nkubu hadi Siakago. Baadhi ni mashine ndogo mpya, baadhi ni mitumba, na baadhi ni meza zilizochomelewa na mafundi wa jua kali, zikafungwa mota na mkanda.

Aina zote tatu zina tatizo moja. Mashine mpya za bei nafuu huja na kichwa cha plastiki au bati kinachochezacheza. Mitumba mara nyingi hufika bila kichwa chochote, maana kipande kisichofungwa kwa skrubu ndicho hupotea kwanza. Na meza za kuchomelewa nyingi hazina hata mfereji. Matokeo ni kwamba fundi husukuma ubao kwa mikono mitupu akifuata mstari wa penseli. Hiyo ni hatari kabla hata hatujazungumzia urembo. Ubao ukijipinda kidogo, bledi huubana na kuurusha nyuma kwa kishindo, na mkono huufuata ubao. Kenya imekuwa na kanuni za usalama wa mashine za mbao tangu 1959, na sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Kanuni haiwezi kushika ubao, ila kifaa kinaweza.

Hasara ya pembe nayo inahesabika. Chukua fremu ya kona nne zilizokatwa kwa digrii 45. Kila kona ina mikato miwili, hivyo fremu nzima ina mikato minane. Kifaa kikikosea kwa nusu digrii tu, upande mmoja daima, makosa hujumlishwa na kufikia digrii 4. Ukiziunganisha kona tatu zikabana vizuri, ya nne itabaki imeachama. Kwa mbao ya upana wa milimita 50, ufa huo kwenye ukingo wa nje au wa ndani utakaribia milimita 5. Hakuna gundi inayoziba hapo kwa heshima. Vivyo hivyo rafu yenye upana wa milimita 300 iliyokosewa kwa digrii moja hutoka nje ya mstari kwa zaidi ya milimita 5, na mlango wa kabati hautafunga.

Namna ya kuchagua

Fundi anayetaka kununua kifaa kingine kuchukua nafasi ya kilichopotea hana budi kuanza kwa mashine yake mwenyewe. Achomoe umeme, achague jino moja la bledi na kulitia alama. Apime umbali kutoka mfereji hadi jino hilo likiwa mbele, kisha alizungushe hadi nyuma na kupima tena. Vipimo viwili vikitofautiana, mfereji na bledi havikwenda sambamba, na kifaa kipya, hata kiwe cha bei gani, kitakata vibaya vilevile. Dawa hapo ni kulegeza na kurekebisha meza au mota kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatua ya pili ni kuupima mfereji kwa kalipa, upana na kina. Mashine nyingi zinazofuata kipimo cha Marekani zina mfereji wa upana wa inchi tatu za robo, yaani takribani milimita 19, na kina cha nusu ya hapo. Mashine ndogo nyingi zina mifereji ya vipimo vyake zenyewe, na mingine ina midomo ya pembeni inayozuia ufito usichomoke. Kununua kwa kukadiria kwa macho ni kubahatisha. Ufito mnene hauingii. Mwembamba huingia ukacheza.

Na kucheza huko ndiko adui mkubwa kuliko namba zilizochorwa kichwani. Tuseme ufito una ulegevu wa nusu milimita, na mwanzoni mwa mkato ni milimita 150 tu za ufito zilizo ndani ya mfereji. Ubao ulioegemea umbali wa milimita 600 unaweza kuyumba kwa milimita 2. Ndiyo sababu ufito mrefu ni bora kuliko mfupi, na ufito wenye skrubu ndogo za kuutanua ni bora zaidi. Asiye na huo anaweza kugonga vidoa kwa pantchi kwenye ubavu wa ufito, chuma kikavimba kidogo na ulegevu ukaisha. Mbinu hii ni ya zamani na haigharimu kitu.

Jambo la tatu ni vituo. Kifaa kizuri kina mahali ambapo kichwa hunasa chenyewe kwenye digrii 90, 45 na pembe nyingine za kawaida, ili fundi asitegemee macho kila mara. Kampuni za Marekani kama Incra na Kreg zimejijengea jina kwa vituo vya namna hiyo. Lakini kituo kisichoweza kurekebishwa ni mtego. Kikiwa kimekosewa kiwandani, kitarudia kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa. Chagua kile ambacho vituo vyake, angalau cha 90, vina skrubu ya kusahihisha.

La nne ni uso wa kuegemea. Kichwa chenye upana wa kiganja hakiwezi kuushika ubao wa mita moja. Kiwe na uso mrefu wa alumini, au matundu ya kufungia ubao mnyoofu wa mbao ngumu. Ubao huo hukatwa na bledi mara ya kwanza, na baada ya hapo ncha yake huonyesha hasa mahali mkato utapita. Hapa tahadhari moja ni muhimu: usitumie kifaa hiki pamoja na ule mwongozo wa kupasulia kama kipimo cha urefu, kwa sababu kipande kilichokatwa hunaswa katikati na kurushwa.

Hatua ya mwisho ni kukijaribu. Usikiamini kwa sababu kimeandikwa kwamba ni sahihi. Chukua ubao mpana ambao kingo zake mbili ni sambamba, uukate kwa digrii 90, kisha geuza kipande kimoja juu chini na kukutanisha ncha mbili zilizokatwa, kingo zikiegemea rula moja. Ufa utakaouona ni kosa lililozidishwa mara mbili. Anayetaka uhakika zaidi akate pande zote nne za ubao, kila mara upande uliokatwa ukiegemezwa kwenye kifaa, kisha mkato wa tano utoe ukanda mwembamba. Apime unene wa ukanda huo ncha hii na ile. Tofauti hiyo ni kosa lililojumlishwa mara nne. Ukanda wa milimita 400 ukitofautiana kwa milimita 0.8, kosa la kila mkato ni milimita 0.2 kwa urefu huo, na hilo linatosha kwa fremu ya dirisha.

Kwa fundi asiye na uwezo wa kununua, mlango haujafungwa. Ubao mpana wenye fito mbili za mbao ngumu chini yake zinazoteleza kwenye mifereji yote miwili, na ukingo mnyoofu juu yake, hukata digrii 90 kwa usahihi unaoweza kushinda vifaa vingi vya dukani. Ni kile kisanduku cha Kigari na Kaaga kilichorudi kikiwa na umeme, na jaribio lake ni hilohilo la mikato mitano.

Deni la jina

Sasa turejee kwenye lugha. Tangu uhuru, masomo ya ufundi yameandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Meru National Polytechnic husoma vitabu vya Kiingereza, ilhali karakana atakayoajiriwa huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kimeru au Kiembu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini urasmi huo bado haujafika kwenye meza ya msumeno. Kifaa kisicho na jina hakiulizwi dukani. Muuzaji humwonyesha fundi chochote kilicho karibu, na mwanagenzi hafundishwi kukijaribu kwa sababu mwalimu wake hukitaja kwa kukinyooshea kidole tu.

Kuna wanaopendekeza 'kipimapembe'. Neno hilo limeundwa vizuri, lakini tayari lina kazi yake katika hisabati: ni kile kibati cha nusu duara kilicho ndani ya kikebe cha jometri. Kifaa chetu kinafanya zaidi ya kupima. Kinaushika ubao na kuuongoza kwenye pembe iliyochaguliwa. Kwa kufuata muundo uleule uliotupa kipimajoto na kinasasauti, tunaweza kusema 'kiongozapembe'. Neno hili halihitaji kuelezwa mara mbili, halichanganyiki na mita ya urefu, na linaubeba mzizi wa Kibantu, pembe, ambao tayari unatuhudumia kwa maana ya pembe ya ng'ombe, pembe ya chumba na pembe ya hisabati. Kuhusu vipimo vyake, mwandishi anayependa 'nyuzi 45' na fundi anayesema 'digrii 45' wote wanaeleweka. Hapo hakuna haja ya ugomvi.

Wapo watakaouliza kama neno moja linaweza kunyoosha dirisha. Peke yake haliwezi. Hata hivyo, historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba zana zilizopata jina, kama randa na patasi, zilikaa mikononi mwa watu na kufundishwa kutoka kizazi hadi kizazi, hata kwa wasiojua kusoma. Zisizo na jina zilibaki kuwa vipande vya mashine ya mwingine, vikipotea bila kulilia mtu. Maneno fundi, fundisha na mafunzo ni ya ukoo mmoja. Anayestahili kuitwa fundi ni yule anayeweza kumwambia mwanagenzi wake: kata mara tano, pima ukanda, kisha rekebisha kiongozapembe. Mbao ya mukima inayouzwa kwa bei ya leo haina nafasi ya kukatwa mara ya pili.